Azimio la Bi Mwanakheri Kutokufa

Nchi ninayoisimulia huijui, msomaji wangu, wala mimi siijui vizuri, ingawa ndiyo inayonilipa mshahara. Haimo katika ramani yoyote, na ukiona inafanana na nchi fulani, kosa ni la macho yako, nenda ukapimwe. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ni nchi ya amani, watu wake wanapenda mikutano, na katika utafiti wa usonji hakuna taifa linalotugusa hata kisigino.

Mimi ni afisa itifaki wa wizara. Kazi yangu ni kujua nani akae kiti gani, nani atangulie kusalimiwa, na Mheshimiwa akichelewa, kuwaeleza watu kwamba hakuchelewa bali wao ndio waliowahi. Kwa hiyo yote nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, tena nikiwa nimesimama.

Taasisi yetu ya Taifa ya Usonji ina jengo la marumaru na mkurugenzi aitwaye Profesa Shekivuli. Profesa huyu alianza kwa kuvumbua kwamba usonji husababishwa na mama. Akapewa nishani. Baadaye akavumbua kwamba si mama, ni bibi mzaa mama, akapewa nishani nyingine. Wakati wa mambo haya alikuwa mbioni kumfikia mama wa bibi, ila utafiti ulikwama kidogo kwa kuwa wahusika wengi walikuwa makaburini na hawakujibu maswali.

Balaa lilitoka kwa wafadhili. Walikuja wakanywa chai yetu, wakasifu marumaru, kisha wakasema hawataendelea kusaidia mpaka wenye usonji wenyewe waulizwe wanataka kitafitiwe nini. Wizara nzima ilipigwa na butwaa. Waziri wetu, Mheshimiwa Ngwengwe, akasema, "Yaani tumwite kuku, tumuulize mchuzi wake utiwe nazi au usitiwe?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wizara yetu iliusahihisha msemo huo zamani. Kunguni huhesabiwa vizuri zaidi na mtu ambaye hakulala kitandani humo, kwa sababu yeye hajikuni. Lakini wafadhili ni watu wagumu, na mwenye nguvu mpishe. Ikaamuliwa lifanyike Kongamano la Kitaifa la Kuwasikiliza.

*

Ugumu ulikuwa kuwapata hao wa kusikilizwa. Kwa kanuni zetu usonji ni jambo la watoto. Mtu akifika umri wa kupiga kura huwa amekwisha kupona, apende asipende. Mtu mzima mwenye usonji, basi, hayupo nchini. Na asiyekuwepo utamtumiaje mwaliko?

Kwa bahati, mmoja wa hao wasiokuwepo alikuwa akisimama langoni kwa Taasisi kila Jumatatu. Aliitwa Tunu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mshonaji wa kola za mashati ya shule. Alifuatana na mama yake, Bi Mwanakheri, ajuza mwenye miguu iliyovimba ambaye kila baada ya hatua chache alishika ukuta kupumua. Waziri akanituma nikawachukue kabla hawajaondoka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Leo wametuma mtu. Tunu, umeona?"

Tunu hakunisalimu. Alikuwa akitazama bawaba ya lango. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyelisema neno hilo mara nyingi mpaka likalainika, "Mama akifa, mtu kama mimi anaendeleaje kuishi nyumbani kwake? Nataka mlitafiti hilo."

Nikacheka kwa heshima, nikidhani ni utangulizi tu wa ombi la kazi. Bi Mwanakheri hakucheka.

"Nikueleze, baba," akasema. "Huyu kazi yake anaiweza. Anapika, anafua, nyumba yake ina usafi kuliko hii ofisi yenu. Ila kuna vijambo vidogovidogo ndivyo navifanya mimi. Mlango ukigongwa, naenda mimi. Jirani akifungulia muziki, mimi ndiye nakwenda kumbembeleza. Na huyu akiumwa sana hucheka. Ndivyo alivyoumbwa. Basi nesi anamwona mtu anacheka, anamfukuza. Mimi ndiye nasema, mpime huyu, anaumwa. Sasa moyo wangu wenyewe unakwenda mbio na miguu ndiyo hii. Nikiondoka, hivyo vidogo vitafanywa na nani? Na wenzake walioachwa na mama zao waliishia wapi? Nyinyi ndio mliosoma. Tuambieni."

Nilimpelekea Profesa swali hilo moto moto. Alikunja uso akafikiri, akaniuliza, "Nani alimruhusu huyo dada awe mkubwa?"

*

Kutokana na Tunu tuliwapata wengine, maana wasiokuwepo wanajuana. Siku moja kabla ya kongamano tuliwakusanya tukawatembeza Taasisi, ili waone yanayofanywa kwa ajili yao. Fundi saa mmoja aitwaye Machano, ambaye hazungumzi kwa mdomo bali huandika kwenye simu yake, alinionyesha maandishi: *Tafuteni kwa nini daktari haamini maumivu yangu mpaka nizimie.* Mwalimu wa hesabu, Bi Fatina, akasema yeye anataka kujua kwa nini baada ya kutwa moja ya kuwa kama watu wengine hulala kitandani siku mbili, na kama uchovu huo hatimaye huua. Mwingine aliuliza juu ya usingizi. Mwingine, uzee. Niliwasikiliza kwa makini kwa sababu nilikuwa nawapanga mstari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za bibi.

Tukaingia jengo la panya.

Msomaji, sijawahi kuona mahali pazuri kama pale. Mwanga wake ulikuwa hafifu kama wa alfajiri. Sakafu ilikuwa na zulia, na wahudumu walitembea kwa soksi. Chakula kilifika saa ileile kila siku. Mhudumu kabla hajamshika panya alitia mkono tunduni akasubiri, mpaka panya mwenyewe asogee.

"Hawa ni panya wa usonji," Profesa akanong'ona. "Hawapendi kelele, mwanga mkali wala kushikwashikwa. Ukiwaudhi, matokeo yanaharibika."

Nilimwona Tunu anashusha mabega. Mpaka siku ile sikujua kuwa alikuwa ameyapandisha. Alisimama mbele ya tundu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Naweza kukaa hapa?"

"Hapa ni kwa ajili ya usonji, dada yangu," Profesa akajibu kwa upole.

"Mimi nina usonji."

"Ndiyo sababu. Utawavuruga."

Akawatoa nje, wakamalizia ziara katika chumba cha kusubiria cha binadamu, kilichopo nyuma ya jenereta.

*

Katika nchi yetu neno halihesabiwi kuwa limesemwa mpaka lipigiwe makofi. Si mazoea tu, ni katiba. Kuna makofi ya kawaida kwa salamu na taarifa za hali ya hewa, kuna makofi ya kilo kwa maazimio, na kuna makofi ya tani, ambayo ni ya Baba Mlezi wa Taifa peke yake na hupigwa watu wakiwa wamesimama juu ya viti. Mtoto wetu hufundishwa kupiga makofi kabla ya kutambaa. Ndiyo maana tuna umoja.

Ukumbi ulijaa. Wenye usonji walikaa mstari wa mbele, mkabala na spika, mahali pa heshima nilipowachagulia mwenyewe. Mheshimiwa Ngwengwe akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," akasema, "serikali yenu ni sikivu. Ina masikio, tena makubwa. Leo sikuja kusema, nimekuja kusikiliza. Kwa hiyo naomba kila mtu anyamaze ili nianze."

Akawasikiliza tangu asubuhi mpaka wali ukaanza kupoa. Kila alipovuta pumzi makofi ya kilo yalilipuka, na kila yalipolipuka, mstari wote wa mbele uliinua mikono ukaziba masikio. Machano alifumba macho. Bi Fatina alikuwa akitetemeka kidevu. Ikaja zamu ya maazimio, na mshereheshaji akasema wanaounga mkono panya waongezewe jengo la pili wainue mikono. Wahesabu kura wakatazama mstari wa mbele wakaona mikono yote iko juu, tena kila mtu miwili. Wakahesabu yote. Azimio likapita kwa kura nyingi kuliko watu waliokuwemo ukumbini, na Waziri akafuta chozi. "Mmeona?" akasema. "Wenyewe wanataka."

Mwishoni akaitwa Tunu atoe neno la wenzake. Alikuwa amejiandaa, nilimwona midomo ikienda tangu asubuhi. Akafika kwenye kipaza sauti, akafungua kinywa.

"Jamani, dada yetu ana woga," mshereheshaji akasema. "Hebu tumtie moyo. Makofi ya kilo kwake."

Tukamtia moyo. Tunu akakaa chini palepale, magoti kifuani. Tulipoona amekaa tukazidi kumtia moyo, kwa sababu sisi ni watu wakarimu. Nasema kweli, hata mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha.

Bi Mwanakheri akasimama, mkono mmoja juu ya kiti. Pengine ilikuwa ile miguu yake, pengine uso wake, lakini makofi yalikatika. Akasema, "Mwanangu anauliza, nami nauliza naye. Nikifa, ataishije? Siulizi atampata wapi mama mwingine, hapana. Ataishije ndani ya nyumba yake, bila kufungiwa mahali? Mmetafiti kila kitu. Hili nalo litafitini, nami nife nimelala vizuri."

Kwa muda mfupi nilidhani jambo limesikika. Profesa Shekivuli akashuka, akamshika ajuza mikono yote miwili, akasema kwa ile sauti tunayowawekea wagonjwa, "Mama yetu, usijitabirie mabaya. Neno huumba. Wewe bado kigori. Hufi leo, wala kesho."

"Amina," ukumbi ukaitikia.

Mheshimiwa aliguswa sana. Akasimama na kutoa hoja kwamba Bi Mwanakheri asife. Hoja ikaungwa mkono na kambi zote, jambo lisilowahi kutokea tangu tupate uhuru, na ikaingizwa kama Azimio la Saba. Watu walipiga vigelegele.

"Lakini nitakufa, wanangu," Bi Mwanakheri akasema.

"Mama ana utani," mshereheshaji akasema, na akatangaza kwamba chakula kiko tayari.

Kutoka sakafuni nikamsikia Tunu. "Hawajajibu," akasema. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, nami nilijua amesema kweli. Nikaenda kusimamia foleni ya wali.

*

Baada ya hapo swali lake lilifungwa rasmi. Profesa alieleza kuwa kisayansi haiwezekani kuchunguza jambo ambalo taifa limekwisha kuamua halitatokea. Wao wawili waliendelea kuja langoni kila Jumatatu, polepole zaidi, na Profesa akiwa na nafasi alitoka mwenyewe kuwapokea.

"Mama, uko hai?"

"Niko, mwanangu."

"Basi tatizo liko wapi?"

Bi Mwanakheri alilikaidi azimio siku ya Ijumaa, kabla ya mvua. Wizarani kulikuwa na fadhaa kubwa. Wapo waliotaka familia ipewe karipio, wapo waliosema kifo hicho ni batili kwa kuwa hakikufuata taratibu. Mwisho ikaamuliwa aruhusiwe kuzikwa kwa muda, na mimi nikatumwa matangani niiwakilishe serikali.

Nilimkuta Tunu amekaa chini chumbani, anakunja kanga ya mama yake pindo kwa pindo, akimaliza anaikunjua, anaanza tena. Profesa alikuwa ametangulia na vijana wake. Walichuchumaa mbele yake wakimchungulia machoni kama kuna chochote. Macho yalikuwa makavu, wakaandika kwamba mhusika hana majonzi.

"Hata chozi," akasema jirani mmoja, yule wa muziki. "Moyo wa jiwe. Na mama wa watu alivyomhangaikia."

Nikainama nikamwambia Tunu pole sana. Aliendelea kukunja.

"Namsikia anakohoa chumba cha pili," akasema. "Nakwenda, hayupo. Narudi. Namsikia tena, nakwenda tena. Wanasema silii. Hii ndiyo kulia kwangu. Hamkuniuliza."

Nasema wazi, mimi ambaye nimehudhuria misiba ya mawaziri wanane bila kukunja hata shati, nikatoka nje, nikajifanya napokea simu, nikasimama nyuma ya choo mpaka sauti yangu ikarudi.

*

Msiba haukumalizika vizuri kabla Profesa hajaleta habari njema. Kwa kuwa Bi Mwanakheri sasa amefariki, swali la Tunu limekuwa halali kisayansi. Taasisi imelikubali. Utafiti mkubwa kuliko wote katika historia ya taifa utafanyika, na kichwa chake ni: Je, Mtu Mwenye Usonji Anaweza Kuishi Peke Yake?

Nilikimbia kumpa Tunu habari. Nilidhani atafurahi, na nadhani alifurahi, maana aliacha kukunja kanga. "Mtaanza lini?" akauliza.

Walianza kesho yake. Watafiti kumi na wawili walihamia nyumbani kwake na magodoro yao. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema kiongozi wao akipita mlangoni na jiko la gesi. Wanne walilala chumba cha marehemu, watano sebuleni, waliobaki wakabanana ukumbini na cherehani ikatolewa nje ili wapate nafasi. Waliweka taa nyeupe ndefu kila chumba ili wasikose kuona kitu. Walipika vitunguu usiku. Walihamisha vikombe, wakavirudisha pasipo pake. Kila baada ya muda mmoja wao alimfuata na kumuuliza anauonaje upweke wake, mkubwa, wa kati, au mdogo.

"Ondokeni," Tunu akawaambia, "ndipo niishi peke yangu, mwone."

Wakaandika kwamba hashirikiani na watafiti.

Alihamia jikoni, wakamfuata jikoni. Akahamia bafuni, akajifungia humo na kanga ya mama yake, wakakaa nje ya mlango wakiugonga kwa zamu ili kupima anachukua muda gani kufungua. Hapakuwa na wa kwenda mlangoni badala yake. Alipougua tumbo akaanza kucheka, na kijana mmoja wa Profesa, mwenye shahada mbili, akaandika kwa furaha kwamba hali ya mhusika inaimarika. Nilipopita kuwasalimu na kuona alivyokonda niliwaambia nadhani dada huyu anaumwa. Waliniuliza nimesomea nini. Nikaaga, kwa sababu nimesomea viti.

Ripoti ilizinduliwa kwa karamu. Profesa alisoma hitimisho lake mwenyewe, polepole, ili waandishi wa habari wapate kunukuu. "Imethibitika," akasema, "kwamba mtu mwenye usonji hawezi kuishi peke yake. Katika muda wote wa utafiti huu, hakuna hata siku moja ambayo mhusika alifanikiwa kuwa peke yake." Akapewa nishani. Nyumba ikabaki kuwa ofisi ya Taasisi, kwa kuwa vifaa vilikuwa tayari vimo, na ikaamriwa Tunu apelekwe kwenye Makao ya Serikali yaliyo nje ya mji.

Mimi ndiye niliyepewa gari nimpeleke. Alipanda bila ubishi, na mfuko mmoja. Njiani alitazama nguzo za umeme zikipita. Tulipofika barabara ya vumbi akaniuliza, "Huko nitakaa mpaka lini?"

Nilimwonea huruma, lakini huruma haina kifungu katika kanuni za wizara. Nikamwambia hilo bado halijafanyiwa utafiti.

Sikuwa nimewahi kufika Makao kabla ya siku hiyo. Nilitegemea kukuta vyumba vitupu, kwa sababu kwa kanuni zetu watu wazima wenye usonji, wa kuwekwa humo, hawapo. Lango likafunguliwa, nikaona ua mrefu, na kandokando ya ukuta mabenchi, na juu ya mabenchi watu. Walikuwa wengi. Wengine walikuwa vijana, wengine mvi tupu, wengine wamezeeka kiasi cha kutojua tena jina la mtaa wao. Hawakupiga kelele, walikaa tu. Mlinzi alisema wapo tangu enzi za mkurugenzi aliyemtangulia yule aliyemtangulia Profesa. Nikamuuliza kama kuna mtafiti yeyote aliyewahi kuja kuzungumza nao. Alinitazama kana kwamba nimetukana.

Tunu alisimama katikati ya ua na mfuko wake, akiwatazama mmoja mmoja. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akainua kichwa. Hakumsalimu, hakumuuliza jina lake wala alikotoka.

"Mama yako alikufa lini?" akamuuliza.

"Kabla ya mvua," Tunu akasema.

Mzee akatikisa kichwa, akasogea kidogo kwenye benchi, na wa pili akasogea, na wa tatu, mpaka mwisho wa ukuta, kila mmoja akisogea kidogo, mpaka pakapatikana pa kukaa.